Maneno Yaliyobaki Kifaransa Kilipoaga Uingereza

Historia ya Kiingereza husimuliwa hivi madarasani: mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, alivuka bahari, akamshinda Mfalme Harold karibu na Hastings tarehe 14 Oktoba, na siku ya Krismasi akavikwa taji Westminster. Tangu siku hiyo, tunaambiwa, maneno ya Kifaransa yakaanza kumiminika katika Kiingereza. Sehemu ya kwanza ni kweli. Ya pili imekosea kwa karibu karne mbili, na kosa hilo linatuficha jambo la kuvutia kuliko yote katika habari hii.

Wanormandy waliokuja na William walikuwa wachache. Walitwaa ardhi, uaskofu na ngome, wakaendelea kuzungumza Kifaransa chao. Makarani wao waliandika Kilatini. Hata Domesday Book, daftari kubwa la ardhi na mali lililokusanywa mwaka 1086, liliandikwa kwa Kilatini. Wanakijiji nao walilima, wakaoana na kuzikana kwa Kiingereza. Lugha mbili zikakaa nchi moja, kila moja na wenyewe. Albert Baugh, mwanahistoria mashuhuri wa lugha hiyo, alikadiria kuwa hadi mwaka 1250 maneno ya Kifaransa yaliyokuwa yameingia katika Kiingereza yalikuwa kama 900 tu. Kwa zama zote za Kiingereza cha Kati, hesabu yake ilipita 10,000. Mafuriko yenyewe, basi, yalikuja baada ya 1250, wakati Kifaransa kilikuwa kinazidi kudhoofika Uingereza.

Inakuwaje lugha ikopeshe zaidi inapoondoka kuliko ilipotawala?

Mwaka 1204 Mfalme John alinyang'anywa Normandy na mfalme wa Ufaransa. Makabaila waliokuwa na mashamba pande zote mbili za bahari wakalazimika kuchagua, na waliobaki Uingereza wakawa Waingereza. Watoto wao walikuzwa katikati ya watu wa Kiingereza, hata Kifaransa kikawa lugha ya kufundishwa kwa kitabu. Tauni ya 1348 na 1349 ikaua watu wengi mno, vibarua wakaadimika, na mkulima anayesema Kiingereza akapata thamani ambayo hakuwa nayo kabla. Vita vya Miaka Mia, vilivyoanza 1337, vikakifanya Kifaransa kuwa lugha ya adui. Mwaka 1385 John Trevisa aliandika kwamba shule za Uingereza zilikuwa zimeacha kufundishia kwa Kifaransa na kushika Kiingereza. Henry IV alipotwaa ufalme mwaka 1399, alidai kiti hicho kwa Kiingereza.

Sasa mtazame kabaila au karani anayehama lugha ukubwani. Kiingereza cha jikoni na cha shambani anakijua vizuri. Lakini habari za kodi, mahakama, mavazi na ibada amezijua kwa Kifaransa tangu utoto. Akifika hapo hana neno la Kiingereza, au analo lakini haliamini, basi analeta lile alilolizoea. “Tax”, “judge”, “robe”, “prayer” na “parliament” yaliingia kwa mlango huo. Tanzania tumeliona jambo hilohilo kwa macho yetu. Sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, mawakili waliosomea kazi yao kwa Kiingereza hawakuziacha istilahi zao nje, waliingia nazo.

Mahakama za Uingereza ndizo zilizochelewa kuliko wote kuachana na Kifaransa. Mwaka 1362 Bunge lilipitisha sheria kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza, kwa sababu wananchi hawakukielewa Kifaransa. Sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Wanasheria wakaendelea kuandika kumbukumbu zao kwa Kifaransa kilichozidi kuchakaa mwaka hadi mwaka. Ipo kumbukumbu ya mwaka 1631 kutoka Salisbury inayoonyesha kilikofikia. Mfungwa aliyekwisha kuhukumiwa alimrushia jaji kipande cha tofali, kikamkosa kidogo tu. Akakatwa mkono wa kulia, kisha akanyongwa papo hapo mbele ya mahakama. Aliyeandika tukio hilo la kutisha aliunga sentensi zake kwa vitenzi na viunganishi vya Kifaransa, lakini alipofika kwenye tofali aliandika “brickbat”, na habari ya kukosa kidogo akaiandika kwa Kiingereza vilevile. Ilibidi sheria nyingine ipitishwe katika karne ya 18 ndipo Kifaransa hicho, pamoja na Kilatini, kikaondolewa mahakamani. Hata hivyo “attorney general” bado inaweka sifa baada ya nomino, kama wafanyavyo Wafaransa na kama tufanyavyo sisi. Na muswada unapopata idhini ya mfalme bungeni London, tamko la idhini hutolewa kwa Kifaransa cha Kinormandy mpaka leo.

Mfano unaopendwa kuliko yote ni wa nyama. Mnyama hai ana jina la Kiingereza: “cow”, “sheep”, “pig”. Akifika mezani anaitwa kwa Kifaransa: “beef”, “mutton”, “pork”. Walter Scott aliutumia mfano huu katika riwaya yake Ivanhoe ya 1819, kuonyesha kwamba Msaksoni ndiye aliyechunga na Mnormandy ndiye aliyekula. Una ukweli ndani yake, ila unarudiwa kwa uhakika uliopita kiasi. Kwa karne kadhaa “beef” liliweza kumtaja ng'ombe mwenyewe akiwa malishoni, na “mutton” kondoo mzima mwenye manyoya yake. Mgawanyo safi kati ya zizi na sahani ulikomaa polepole, muda mrefu baada ya Wanormandy kwisha kumezwa na Waingereza.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi maneno haya yalivyohifadhi umri wao katika matamshi. Kifaransa cha kale kilitamka ch kama tunavyoitamka sisi katika “chai”. Baadaye Wafaransa waliibadilisha ikawa sh, lakini wakati huo Waingereza walikuwa wamekwisha kukopa. Ndiyo sababu “chief”, “chair” na “chancellor” zina ch kama yetu, na “chef”, “machine” na “champagne”, zilizokuja baadaye, zina sh. “Chief” na “chef” ni neno moja lililokopwa mara mbili. Kiswahili nacho kimeirithi tofauti hiyo: tunasema chansela, lakini tunasema mashine.

Wanormandy walikuwa na lafudhi yao ya kaskazini. Mahali ambapo Paris ilisema g, katika maneno mengi wao walisema w. Na mahali ambapo Paris ilisema ch, mara nyingi wao walibaki na k. Waingereza wakakopa kwanza kwa Wanormandy, kisha wakakopa Paris, wakajikuta na jozi za maneno: “warden” na “guardian”, “warranty” na “guarantee”, “catch” na “chase”. Muuza simu anayekuambia kwamba simu ina waranti ya mwaka mmoja anatumia umbo la Kinormandy. Jirani yake anayesema garantii anatumia umbo la Paris. Neno ni lilelile.

Halafu kuna “receipt”, linalowasumbua wanafunzi wetu kwa sababu ya p isiyotamkwa. Kifaransa kilichozungumzwa Uingereza hakikuwa na p hapo. Wasomi waliokienzi Kilatini ndio walioichomeka, ili neno lifanane na “recepta”. “Debt” na “doubt” yalitiwa b kwa sababu hiyohiyo, ingawa Kifaransa kiliyatoa bila b. Sisi tulilipokea neno kwa sikio, tukaandika risiti, na kwa njia hiyo tukalikaribia umbo la kale kuliko Waingereza wenyewe wanavyoliandika. Walimu wa Kiingereza wangepata faida kubwa kuwaeleza wanafunzi habari hii mapema. Mtoto akijua herufi ilitoka wapi, haisahau kwa urahisi.

Kina cha mkopo wenyewe huonekana zaidi katika maneno madogo. Baba, mama, mwana na binti wamebaki na majina ya Kiingereza, lakini “uncle”, “aunt”, “nephew”, “niece” na “cousin” ni ya Kifaransa. Kuanzia “first” hadi “tenth” maneno yote ni ya asili ya Kiingereza isipokuwa “second”. “Very”, neno ambalo Mwingereza hawezi kumaliza asubuhi bila kulitumia, lilianza kama neno la Kifaransa lenye maana ya kweli. Hata kiambishi “-able” kilifika mahali kikaacha kutegemea maneno ya Kifaransa, kikabandikwa kwenye mzizi wa Kiingereza, ikapatikana “eatable”. Kwa makadirio ya kawaida, zaidi ya robo ya maneno yaliyomo katika kamusi ya Kiingereza yametoka Kifaransa. Pamoja na hayo, sikubaliani na wanaosema kwamba Kiingereza ni nusu Kifaransa. Maneno yanayojirudia zaidi katika mazungumzo ya kila siku ni ya asili yake, na sarufi ni yake. Mkulima wa Kiingereza hakuhamia lugha ya bwana wake; bwana ndiye aliyehamia kwake, na mizigo yake yote.

Sehemu ya mizigo hiyo imefika mpaka kwetu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliwakusanya Waafrika kwa wingi ili wabebe vifaa na chakula cha jeshi, wakakiita kikosi hicho Carrier Corps. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao walikufa, wengi wao kwa maradhi. Kambi yao ya Dar es Salaam iliacha jina la Kariakoo, na Nairobi kuna Kariokor. Kitenzi “carry”, kilichozaa “carrier”, kilitoka kwa Wanormandy kikiwa na k yao ya kaskazini. Wafaransa wengine walisema “charrier”. “Corps” lilikuja karne nyingi baadaye, likiwa na p na s ambazo Wafaransa hawazitamki, na ndiyo maana hazimo katika Kariakoo wala Kariokor.