Umeme wa majengo: Soma mita usiku kabla ya kununua jenereta

MWENYE nyumba ya wageni Butiama, duka la jumla Bunda au chumba cha baridi cha samaki Musoma hujua bei ya sukari, saruji na dizeli kila wiki. Muulize jengo lake linakula uniti ngapi kwa siku. Atakutajia fedha alizoweka kwenye Luku, basi.

Ukaguzi wa kina wa nishati huanzia hapo. Mkaguzi huchukua kumbukumbu za malipo za miezi 12, kisha hupita chumba kwa chumba akiandika wati na saa za kila taa, jokofu, kiyoyozi na pampu. Kazi hasa ni ya usiku. Mita ya duka husomwa saa 2 milango inapofungwa, na tena saa 12 asubuhi. Kilicholiwa hapo katikati hakikumhudumia mteja yeyote: jokofu lenye mpira wa mlango uliochakaa, taa zilizosahauliwa, pengine na jirani wa uani aliyejiunganishia waya.

Tuchukue tyubu 40 zinazowaka saa 12 kwa siku, siku 26. Ya zamani pamoja na balasti yake hula wati 50 hivi. Ya LED hutosheka na 18. Tofauti ni uniti 399 kwa mwezi. Ikiwa Sh. 1,000 inanunua uniti 2.8, hizo ni kama Sh. 142,000.

Hoteli kubwa inayovuka uniti 7,500 kwa mwezi ina mzigo mwingine. Hulipia pia KVA, kila moja Sh. 15,004 kabla ya kodi kwa bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016. Mota za pampu na viyoyozi huvuta umeme zaidi ya ule unaofanya kazi. Kilowati 100 kwa pawa fakta ya 0.7 huhesabiwa KVA 143. Zikifungwa kapasita hadi ifike 0.95, hushuka hadi 105. Tofauti hiyo ni Sh. 570,000 kila mwezi.

Anayenunua jenereta au sola kabla ya hesabu hizi hununua kubwa kuliko haja, na muuzaji hatamkataza.

Ng'ambo ya Sirari, kanuni za Kenya za mwaka 2012 zilitaka jengo linalotumia uniti 180,000 au zaidi kwa mwaka likaguliwe kila miaka mitatu. Kwetu, TIRDO ya Dar es Salaam hufanya kazi hiyo. Mwenye duka dogo hana haja ya kuwaita kutoka huko. Fundi umeme mwenye leseni, klampu mita na daftari la siku saba watamtosha.