Bia Stockholm, Oslo au Helsinki: Tazama Asilimia Kabla ya Bei

Ukiwa Sweden, Norway au Finland na pesa ni ya kubana, usianze kuuliza bia ni bei gani. Uliza kwanza ina kilevi asilimia ngapi. Sheria za huko ndizo zinazopanga bia ya ukali gani iuzwe duka gani, na kopo la bei nafuu mara nyingi ni nafuu kwa sababu kilevi chake ni kidogo.

Sweden ndiyo yenye masharti makali zaidi. Supamaketi haiuzi bia inayozidi asilimia 3.5; kali kuliko hiyo unaifuata Systembolaget, maduka ya serikali. Bia ya jina moja huweza kuuzwa kote kuwili, makopo yakifanana rangi na nembo. Kinachotofautisha ni tarakimu ndogo ubavuni: 2.8, 3.5 au 5.2. Geuza kopo usome. Ile isiyozidi 2.8 haitozwi ushuru wa kilevi, kwa hiyo kwa kushushia chakula haina mpinzani kwa bei.

Ukitaka kali, jipange mapema. Jumamosi Systembolaget hufunga saa tisa alasiri, Jumapili haifunguliwi, na aliye chini ya miaka 20 hauziwi. Bia haikai kwenye friji, wala hakuna punguzo la kununua nyingi. Chukua makopo unayohitaji tu. Kubeba katoni nzima hakukuokolei hata krona moja.

Norway, supamaketi huuza hadi asilimia 4.7. Kwa mnywaji wa kawaida hiyo inatosha, hakuna haja ya safari ya Vinmonopolet, duka la serikali. Tatizo ni saa: mauzo husimama saa mbili usiku, Jumamosi saa kumi na mbili jioni, na Jumapili hakuna kabisa. Ukichelewa, kilichobaki ni baa, na huko ndiko mfuko unakotobokea.

Finland ndiyo rahisi kwa mnunuzi. Tangu Juni 2024 supamaketi zinauza bia hadi asilimia 8, kutoka 5.5 ya awali. Zinauza kila siku, Jumapili ikiwemo, saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku. Alko, duka la serikali, liendee tu kama unatafuta kali zaidi au bia isiyopatikana kwingine.

Sasa gharama ambayo wageni wengi huisahau: pesa ya kopo. Nchi zote tatu huitoza juu ya bei ya bia yenyewe. Finland ni senti 15 za yuro kwa kopo, kwa hiyo makopo 24 yanakuongezea yuro 3.60. Norway ni krona 2 au 3 kulingana na ukubwa. Unarudishiwa yote ukitia makopo kwenye mashine ya supamaketi na kupeleka risiti kaunta. Usiyaponde, mashine lazima isome alama zake. Ukiyatupa, umetupa pesa.

Kulinganisha ni hesabu fupi. Kopo la nusu lita la asilimia 3.5 lina mililita 17.5 za kilevi, la 5.2 lina 26, yaani karibu mara moja na nusu. Kama bei ya lile kali imezidi hapo, unalipia ushuru na jina. Tazama pia bei ya lita moja kwenye kibandiko cha rafu, kwa sababu makopo ya mililita 330 hudanganya macho.

Na kama una gari, hesabu inabadilika. Sweden na Norway kikomo cha dereva ni asilimia 0.02 ya kilevi kwenye damu, Finland 0.05. Faini yake inameza akiba yote uliyoipigania dukani.

Kwa ufupi: Sweden, nunua ya 2.8 au 3.5 supamaketi kwa matumizi ya kawaida. Norway, nunua ya 4.7 kabla ya Jumamosi jioni. Finland, nunua supamaketi siku yoyote. Baa iwe ya mwisho, na makopo yarudishe.