Sungura wa senti hamsini

Je, wajua kwamba kuna nchi ambako mamba mpiga kodiani amo kwenye sarafu halali, na mwenye nayo akitaka ataingia dukani anunulie mkate? Nchi hiyo ni Urusi, na mamba mwenyewe anaitwa Gena. Kazi yake ni kuwa mamba katika bustani ya wanyama: asubuhi anaingia zamu, jioni anavaa koti lake anarudi nyumbani. Rafiki yake ni Cheburashka, kiumbe mdogo mwenye masikio mapana, ambaye hakuna anayejua ni mnyama gani, aliyefika mjini amelala ndani ya kasha la machungwa. Eduard Uspensky aliwatungia kitabu mwaka 1966, Roman Kachanov akawafanyia filamu ya vikaragosi mwaka 1969, na mwaka 2020 Benki Kuu ya Urusi ikawapiga chapa kwenye sarafu ya rubli 25.

Hawakuwa wa kwanza. Mfululizo huo wa sarafu za katuni ulianza mwaka 2017 kwa Winnie Pooh wa Kirusi, ambaye hafanani hata kidogo na yule wa Disney, pamoja na mashujaa watatu wa hadithi za kale. Mwaka 2021 wakafuata Masha na dubu wake, ambao watoto wengi wa Ukunda wanawajua vizuri kuliko wanavyowajua shangazi zao wa Kinango. Kila sarafu ina kipenyo cha milimita 27 na uzito wa gramu 10, nayo ni mchanganyiko wa shaba na nikeli. Muuza vinyago wa ufuoni Diani akipewa moja kama bakshishi, asihangaike kuipeleka kwa wabadilisha fedha. Kwa kawaida wao hupokea noti tu, sarafu za ugenini hawazitaki. Heri ampe mtoto.

Katika mfululizo huo mzima, ninayoipenda zaidi ni ya mwaka 2018. Ina mbwamwitu na sungura wa katuni iitwayo Nu, pogodi!, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1969 chini ya mwongozaji Vyacheslav Kotyonochkin. Kisa ni kile kile kila mara: mbwamwitu anamfukuza sungura, sungura anaponyoka, na mbwamwitu anabaki ameumia huku akiapa kwamba safari ijayo hatamwachia. Maneno ni machache mno, kwa hiyo hata asiyejua Kirusi hapotezi kitu. Mtu aliyekulia Msambweni akisikiliza hadithi baada ya chakula cha usiku hahitaji mkalimani hapo. Akimwondoa mbwamwitu akamweka fisi, hadithi ni yake.

Na sungura huyo alishakaa kwenye sarafu ya huku kwetu miaka zaidi ya hamsini kabla ya Warusi kumweka kwenye yao. Wazee wa Vanga na Lunga Lunga wanamkumbuka, maana alikuwa akivuka mpaka kutoka Horohoro mifukoni mwa wafanyabiashara. Ni senti hamsini ya Tanzania, toleo la kwanza, mwaka 1966.

Kabla ya hapo Kwale na Tanga zilitumia pesa moja. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilikuwa na shilingi yenye simba aliyesimama mbele ya milima, na senti ndogo zenye tundu katikati, ambazo pembe za ndovu zimepinda kulizunguka tundu hilo. Nyuma zaidi ziko pesa za shaba za mwaka 1888 zilizoandikwa Mombasa, za Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, ile ile iliyokuwa na kituo Shimoni ambako magofu yake bado yanaonekana. Hizo zilikuwa na mizani upande mmoja, maandishi ya Kiarabu, na mwaka wa Hijria 1306. Mnyama hakuwapo. Sayyid Barghash wa Zanzibar naye alikuwa ameweka mizani kwenye pesa zake miaka michache nyuma, na pengine kampuni iliona busara kutowashtua watu kwa alama wasiyoizoea.

Mwaka 1966 kila nchi ikaanza kushika njia yake. Tanzania ilimpa kazi Christopher Ironside, msanii wa Kiingereza ambaye alichora pia sarafu za desimali za Uingereza, mfumo ulioanza rasmi mwaka 1971. Ironside aliwapa Watanzania samaki wa senti tano, mbuni wa senti ishirini, na sungura wa senti hamsini. Upande wa pili yupo Mwalimu Nyerere na maneno “Rais wa Kwanza”. Ukiishika sarafu hiyo leo, ikiwa haijasuguka sana, kitu cha kwanza kinachokamatika kwa kidole gumba ni masikio. Macho yanaweza yasimuone sungura katika mwanga hafifu wa kibanda, lakini kidole kinamjua.

Hilo halikutokea kwa bahati. Sarafu ya matumizi ya kila siku inabanwa na masharti ambayo mchoraji wa kitabu hayajui. Picha haiwezi kuinuka kupita ukingo, la sivyo sarafu hazitapangika moja juu ya nyingine na sura itafutika mapema. Kwa hiyo msanii ana unene wa karatasi chache tu wa kufanyia kazi: humo humo aonyeshe mwili, miguu, majani na maandishi. Mnyama mwenye umbo linalotambulika kwa kivuli chake tu ndiye anayefaa. Sungura ana masikio, twiga ana shingo, ndovu ana mkonga. Fisi, masikini, akibanwa kwenye duara dogo la chuma anageuka mbwa.

Zamani msanii alifinyanga kwanza sahani kubwa ya plasta, pana mara nyingi kuliko sarafu yenyewe. Kisha mashine yenye mkono mrefu ilipitisha ncha yake juu ya nakala ngumu ya sahani hiyo polepole, na ncha ya pili ikachonga mfano huo huo kwa udogo kwenye kipande cha chuma kigumu. Siku hizi kompyuta ndiyo inayoongoza mchongo, lakini yanayofuata ni yale yale. Kutokana na mchongo huo hutengenezwa mihuri ya kupigia. Vidonge vya chuma hukatwa kwenye bamba kama maandazi yanavyokatwa kwenye unga uliosukumwa, hukunjwa ukingo, hulainishwa kwa moto, halafu kila kimoja huwekwa kati ya mihuri miwili na kugandamizwa kwa uzito wa tani nyingi. Picha za pande zote mbili na mikwaruzo ya ukingoni hutoka kwa pigo moja.

Rangi ni jambo jingine. Baadhi ya sarafu za katuni za Urusi zimetiwa rangi, na rangi hiyo haimo ndani ya chuma. Pedi laini ya silikoni huchukua wino na kuubandika juu ya picha iliyokwisha kupigwa, rangi moja baada ya nyingine. Inapendeza, lakini haiwezi kustahimili wiki moja kwenye pochi ya makanga wa Likoni. Ndiyo maana za rangi huuzwa ndani ya kadi zao, na wanunuzi hawazitoi.

Hapo ndipo siri ya biashara hii ilipo. Pamoja na zile za rubli 25, benki hiyo hutoa za fedha halisi zilizoandikwa rubli tatu, zenye gramu 31.1 za fedha safi. Fedha hiyo peke yake ina thamani kubwa mara nyingi kuliko rubli tatu, kwa hiyo hakuna mwenye akili timamu atakayeipeleka sokoni kununulia nyanya. Kwa sheria ni pesa, kwa vitendo ni pambo. Nchi nyingine zimeliendeleza soko hilo kwa namna zao. Niue, kisiwa kidogo cha Pasifiki, kimetoa sarafu za Star Wars. Belarus ina mfululizo wa ngano za dunia, na mwaka 2006 ilitoa ya Alfu Lela Ulela, kitabu ambacho watu wa pwani wangeweza kudai kuwa ni chao kwa jinsi walivyokisimulia. Warusi wenyewe wana ngano inayofika kwetu: Aibolit, daktari wa wanyama wa mshairi Korney Chukovsky, anasafiri hadi Afrika kutibu viboko na wenzao, na Zanzibar imetajwa humo kwa jina.

Je, Kenya? Sarafu za kumbukumbu tumekuwa nazo tangu mwanzo. Mwaka 1966, Mzee Jomo Kenyatta alipotimiza miaka 75 kwa hesabu ya serikali, zilitolewa tatu za dhahabu: moja ina mkono ulioshika mgwisho, nyingine jogoo, ya tatu Mlima Kenya. Wengi wetu hatujawahi kuzitia machoni. Iliyotufikia ni ya shilingi arobaini, ya mwaka 2003, ya kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, yenye metali mbili za rangi tofauti na sura ya Mwai Kibaki. Ilikuwa nzuri kuitazama, ila nani hulipa arobaini kwa mkupuo? Sarafu ya tarakimu ya maadhimisho haiendani na nauli.

Kisha ikaja Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 231 kinasema noti na sarafu za Benki Kuu zinaweza kuwa na picha zinazoashiria Kenya au jambo la Kenya, lakini zisiwe na sura ya mtu binafsi. Desemba 2018 marais wakaondoka kwenye sarafu, wakaingia wanyama: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Nampongeza aliyechagua ndovu, kwa sababu wa Shimba Hills na Mwaluganje wamo humo. Simba ndiye ananichekesha. Katika hadithi zetu simba ndiye hudanganywa kila siku. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu baadaye, alipochapisha ngano za Kizanzibari mwaka 1870, kisa cha sungura aliyeila asali ya simba kilikuwamo. Leo mwibiwa ana shilingi kumi, na mwizi hana hata ya moja.

Kwa maoni yangu, mlango upo wazi. Sungura si mtu binafsi, hata akisema. Hadithi ni jambo la Kenya kama vile mlima ulivyo. Benki Kuu ikiamua siku moja kutoa sarafu ya kumbukumbu, iiweke kwenye thamani ambayo tayari tunaitumia, shilingi ishirini kwa mfano, na iwape wasimulizi nafasi badala ya kurudia wanyama watano wa matangazo ya utalii. Kwale ingekuwa na wake wa kupeleka. Palahala, ambaye katika Kenya nzima anaishi Shimba Hills tu, ana pembe zilizopinda nyuma kama zilizochorwa kwa ajili ya duara. Mbega wa Diani ana mkia mrefu na mabega meupe, na kidole kingemtambua.

Ama kwa mwenye senti hamsini ya 1966 ndani ya sanduku la bibi, naomba asiisugue kwa ndimu, wala majivu, wala dawa ya meno. Asidi na chembe zinazokwaruza huondoa ngozi ya juu ya chuma, na mkusanyaji hulitambua hilo kwa kutazama tu na kushusha bei papo hapo. Aishike kwa ukingo, aiweke ndani ya bahasha ya karatasi kavu, mbali na hewa ya chumvi. Wala asimuahidi mtu kiwanja kwa ajili yake: sungura huyo alipigwa chapa kwa mamilioni, na wengi bado wako hai.