CHAGUA MTI WA KIVULI USIOUMIZA WATOTO

Ndugu msomaji, je, nyumbani kwako kuna mti wa kivuli? Hapa Segese jua ni kali, hasa mwezi wa tisa na wa kumi. Chini ya mti tunapumzika, tunapokea wageni, na watoto wetu wanacheza.

Zamani za ukoloni misitu mingi ya Shinyanga ilifyekwa ili kuondoa mbung'o. Baadaye tukakata mingine kwa mashamba, kuni na mkaa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), na wananchi wakahimizwa kurudisha miti. Kupanda miti ni jambo jema. Lakini si kila mti unafaa kuwa karibu na watoto.

Siku moja mtoto wa miaka minne aliletwa zahanati akilia. Macho yalikuwa yamevimba. Alivunja tawi la mnyaa, utomvu ukamrukia. Nyumbani walimtia maziwa ya ng'ombe, wakangoja mpaka asubuhi. Jicho moja lilichukua wiki mbili kupona.

Utomvu wa mnyaa ni sumu. Unaweza kupofusha. Mtoto akiumia hivyo, msafishe macho hapo hapo kwa maji safi mengi, dakika 15 au zaidi. Usimtie kitu kingine. Kisha mpeleke zahanati. Mnyaa unafaa kwa uzio wa zizi, siyo mahali watoto wanapocheza.

Mbono kaburi na mbarika pia ni hatari. Watoto hula mbegu zake, wakatapika na kuhara. Mbegu za mbarika zinaweza kuua. Mtoto akizila, usimlazimishe kutapika. Mpeleke zahanati upesi, na uchukue mbegu hizo zionekane.

Je, tupande miti gani?

Mwembe. Majani yake ni mengi mwaka mzima. Maembe mabivu yana vitamini A, ambayo hulinda macho ya watoto.

Mwarobaini. Huvumilia ukame. Lakini usimnyweshe mtoto mafuta yake. Yanaweza kumdhuru vibaya. Tena, mwarobaini uani hauzuii malaria. Lala ndani ya chandarua.

Namna ya kupanda:

1. Chimba shimo la sentimita 60, upana na kina. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza.
2. Panda mvua zinapoanza, mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili.
3. Panda upande wa magharibi ili kuzuia jua la mchana. Acha hatua kumi kutoka ukutani.
4. Zungushia miiba ili mbuzi wasile mche.
5. Wakati wa kiangazi mwagilia maji uliyooshea vyombo.

Ndugu msomaji, leo zunguka uani kwako. Tazama watoto wanacheza chini ya mti gani. Kama ni mnyaa, wahamishe leo, na mvua zikianza panda mwembe.