Maswali Kabla ya Bei

Mtu anayetaka kumfungia mama yake umeme wa jua kule Manyoni, katikati ya Tanzania, huenda fedha anayo, ila hajui anunue nini. Akifungua duka la mtandaoni anakutana na paneli za wati 50, 80, 100, 200 na 300. Betri za N50, N70, N100 na N200. Kontrola za aina mbili. Na inveta zinazofanana kwa sura huku bei zikipishana mara tatu. Anachokijua yeye ni kitu kingine kabisa: nyumba ina vyumba vitatu na sebule, mama hulala saa nne usiku, wajukuu hawabanduki kwenye televisheni. Duka linazungumza wati, mteja anazungumza taa na watoto. Basi anaandika ujumbe, "Habari kaka, sola ya nyumba ndogo ni shilingi ngapi?", anasubiri jibu mpaka kesho yake, na kesho hela imeshapata kazi nyingine.

Muuzaji mzoefu wa Kariakoo hawezi kumpoteza mteja huyu kirahisi. Kabla hajataja bei atauliza: taa ngapi? Kuna TV? Friji je? Nyumba iko mkoa gani? Chemshabongo ya duka la mtandaoni, ile inayoanza na kitufe cha "Tukusaidie kuchagua", inafanya kazi hiyohiyo hata saa saba usiku muuzaji akiwa amelala. Nimeona wafanyabiashara wengi wakiichukulia kama mchezo wa kuchangamsha ukurasa. Inauza pale tu inapochukuliwa kama mazungumzo ya kaunta, na tofauti hiyo inaonekana kwenye maswali yenyewe.

Tuichukue sola hiyohiyo tuione kwa ndani. Mteja anachagua taa nne. Taa ya LED ya wati 5 ikiwaka kwa saa 5 kila usiku, taa nne zinakula wati-saa 100. Anachagua televisheni ndogo ya wati 30, saa 4 kwa siku: wati-saa 120. Simu tatu za kuchaji, tuweke wati-saa 30. Jumla ni 250. Nishati nyingine hupotea kwenye nyaya, kontrola na betri, kwa hiyo mfumo unaongeza kama asilimia 30 na kufika 325. Maeneo mengi ya katikati ya Tanzania hupata jua linalolingana na saa 5 za nguvu kamili kwa siku, hivyo 325 gawanya kwa 5 ni wati 65. Duka halina paneli ya 65. Linapendekeza ya 80. Kwa betri, wati-saa 250 kwenye volti 12 ni kama amp-saa 21, lakini betri ya risasi na asidi hufa mapema ikikamuliwa zaidi ya nusu, kwa hiyo tunazidisha mara mbili: 42, na betri iliyo karibu ni N50, yaani ya amp-saa (Ah) 50. Mteja hakuona hesabu yoyote kati ya hizi. Yeye amebonyeza picha za taa, TV na simu, akataja mkoa, basi.

Sasa abadilishe jibu moja, aseme anataka na friji. Friji ya kawaida ya nyumbani huweza kula wati-saa 1,000 kwa siku peke yake. Paneli ya wati 80 inaondoka mezani, N50 inaondoka, inveta inakuwa ya lazima, bei inapanda mara kadhaa. Swali moja limebadilisha kila kitu, na ndiyo sababu linastahili kuulizwa. Kipimo changu ni hicho, na huwa sikilegezi: kila swali liweze kubadilisha bidhaa itakayopendekezwa. Swali la umri halibadilishi paneli. Swali la jinsia halibadilishi betri. "Ulitufahamu kupitia wapi?" ni swali la faida ya muuzaji, mteja anaombwa kulilipia kwa muda wake na bando lake. Ukiyaondoa hayo, dodoso la maswali kumi na mawili hubaki na matano, na kwa bidhaa nyingi matano yanatosha.

Kitaalamu, nyuma ya pazia hakuna maajabu. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni matawi: jibu hili linakupeleka swali lile, jibu lile linakufikisha mwisho. Ya pili ni alama: kila jibu linaongeza au kupunguza pointi za kila bidhaa, na yenye pointi nyingi ndiyo inayotajwa. Matawi yanafaa bidhaa zenye masharti magumu kama sola, matairi au vipuri vya gari, ambapo kisichoingia hakiingii. Alama zinafaa vitu vya ladha, kama manukato au vitenge. Ukitumia alama kwa vipuri utamuuzia mtu kitu "kinachokaribia", naye atakirudisha.

Wauzaji wa vifaa vya chemshabongo hupenda kutaja jaribio la jemu. Mwaka 2000 Sheena Iyengar na Mark Lepper walichapisha utafiti uliofanywa kwenye duka moja la vyakula huko California. Meza iliyokuwa na aina 24 za jemu ilivuta asilimia 60 ya wapita njia, yenye aina 6 ikavuta asilimia 40. Kwenye kununua mambo yakageuka: kwenye aina 6, asilimia 30 ya waliosimama walinunua, kwenye aina 24, asilimia 3 tu. Hitimisho lililosambaa duniani ni kwamba wingi wa bidhaa unafukuza wateja.

Lakini habari haikuishia hapo. Mwaka 2010 Benjamin Scheibehenne na wenzake walikusanya matokeo ya majaribio 50 ya aina hiyo, na kwa wastani athari ilikuwa karibu na sifuri: mahali pengine wingi uliumiza, pengine ulisaidia. Mwaka 2015 Alexander Chernev na wenzake wakaonyesha ni lini wingi unaumiza. Unaumiza pale bidhaa zenyewe ni ngumu kulinganisha, pale uamuzi wenyewe ni mzito, na pale mnunuzi hana hakika anataka nini. Mtu wetu wa Manyoni ana yote matatu. Anayetaka chaja ya simu yake hana hata moja. Anaijua, anataka kuiona, alipe, aondoke. Kumwekea huyu chemshabongo mlangoni ni kumzuia njia. Kwa hiyo kabla ya kutengeneza chochote, soma ujumbe wa wateja wako wa miezi michache iliyopita. Kama wengi wanauliza "mnayo?", boresha sehemu ya kutafuta bidhaa. Kama wengi wanauliza "kipi kitanifaa?", hao ndio wa kuulizwa maswali.

Kwamba usaidizi wa namna hii unafanya kazi, kuna ushahidi wa siku nyingi. Gerald Häubl na Valerie Trifts walitengeneza duka la majaribio la mtandaoni, wakachapisha matokeo mwaka 2000. Waliotumia msaidizi aliyewauliza wanachokithamini walipekua bidhaa chache zaidi, na bado wakachagua vizuri zaidi kuliko waliojitafutia wenyewe.

Nchini Marekani yapo makampuni yaliyoanza biashara nzima juu ya dodoso. Stitch Fix, iliyoanzishwa na Katrina Lake mwaka 2011, ilimuuliza mteja vipimo vyake, bajeti, mitindo anayoipenda na asiyoitaka mwilini, kisha ikamtumia boksi la nguo tano. Anazozipenda anazilipia, nyingine anarudisha. Mwaka 2018 ikaongeza mchezo mdogo ndani ya programu yake: picha ya nguo inatokea, unaipenda au huipendi, nyingine inakuja. Kila mguso ulikuwa jibu, na mteja hakuhisi kuwa anajaza fomu. Kwa mbinu hiyo kampuni ilipata wateja hai zaidi ya milioni 4 kufikia mwaka 2021. Kufikia mwaka 2024 walikuwa wameshuka chini ya milioni 3. Maswali mazuri hayakuzuia anguko hilo. Dodoso linamfikisha mteja kwenye bidhaa. Kazi ya kumfanya arudi ni ya bidhaa, bei na huduma.

Lipo jaribu moja ambalo wauzaji wa vipodozi na manukato wanaliangukia sana, lile la "Wewe ni mwanamke wa aina gani?" Maswali ni ya rangi uipendayo na mnyama umpendaye, jibu ni sifa tamu, na chini yake kuna chupa ya kununua. Watu huyajibu kwa furaha na kuwatumia marafiki. Mwanasaikolojia Bertram Forer alionyesha kwa nini. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1949 aliwapa wanafunzi wake 39 kila mmoja maelezo ya tabia zake, wakayapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. Wote walikuwa wamepewa maelezo yaleyale. Mtu hujiona katika maneno ya jumla akiambiwa ni yake. Chemshabongo ya namna hiyo italeta wageni wengi dukani, sikatai, lakini mwenye ngozi ya mafuta akiuziwa krimu nzito kwa sababu anapenda rangi ya zambarau, chunusi zitamjibu ndani ya wiki mbili. Kwenye vipodozi uliza ngozi inakuwaje saa chache baada ya kunawa, uliza kama kuna kitu kilichowahi kumdhuru, uliza anatumia nini sasa. Na akitaja kidonda au mzio mkali, ukurasa wa mwisho umwelekeze kwa daktari, usimwonyeshe bidhaa hata moja.

Ukurasa huo wa mwisho ndio unaofanya mauzo, na ndio unaopuuzwa kuliko yote. Maduka mengi yanaishia kwenye "Tunapendekeza hii" na picha. Mteja amejibu maswali matano. Ana haki ya kujua majibu yake yamefanya kazi gani. Andika wazi: "Umesema taa 4, TV ndogo na simu 3. Hiyo inahitaji paneli isiyopungua wati 65, kwa hiyo tumechagua ya 80. Siku ukiongeza friji, seti hii haitatosha." Ryan Buell na Michael Norton walionyesha mwaka 2011 kwamba watu huithamini huduma zaidi wakiona kazi inavyofanyika kwa ajili yao. Baadhi ya wauzaji wameutafsiri utafiti huo kwa kuweka kiduara kinachozunguka na maneno "Tunachakata majibu yako", wakati hakuna kinachochakatwa. Huo ni udanganyifu. Hesabu halisi inaaminisha zaidi, na mteja anaweza kumwonyesha fundi wake. Kisha weka bei palepale. Baada ya maswali yote hayo, kumwambia mtu "bei njoo inboksi" ni kumrudisha alikotoka.

Namba ya simu iombwe baada ya jibu, siyo kabla. Ukiiweka kama kizuizi cha mwisho utapata namba nyingi, nyingine za uongo, na hasira za watu waliodhani wanasaidiwa. Mpe jibu lake, halafu mwambie: ukitaka tukutumie orodha hii kwa WhatsApp, andika namba.

Hapa pana jambo zito. Majibu ya mteja ni siri aliyokuamini nayo. Mwaka 2014 hivi, dodoso la tabia lililojibiwa na watu wapatao 270,000 kwenye Facebook lilifungua mlango wa taarifa za watu hadi milioni 87, zikaishia mikononi mwa Cambridge Analytica. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani iliibana BetterHelp, huduma ya ushauri nasaha ya mtandaoni, kwa kutumia taarifa za wateja, yakiwemo majibu ya dodoso la kujiunga, kwa ajili ya matangazo. Kampuni ikakubali kulipa dola milioni 7.8. Kwetu, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Zote zinataka ukusanye kinachohitajika tu, kwa sababu uliyoitaja. Anayeuza mafuta ya wajawazito na kuuliza mimba ina miezi mingapi ameshika taarifa ambayo huenda hata mume hajaambiwa.

Kwa duka dogo, gharama siyo kisingizio. Maswali matano yanaweza kuwekwa kwenye fomu ya bure ya Google, au yakaenda kama ujumbe wa WhatsApp wenye namba: jibu 1, 2 au 3. Picha ziwe nyepesi, maana bando linakatwa kwa kila picha. Lugha iwe ya mteja: "inawasha TV na taa" badala ya "Ah 50".

Kupima faida ndiko wengi wanakojidanganya. Tuseme wageni 100 wamejibu maswali na 10 wakanunua, huku 900 wasiojibu wakinunua 27. Asilimia 10 kwa 3: mwenye duka anashangilia. Lakini waliojibu walikuwa na hamu tangu mwanzo. Pengine wangenunua tu. Njia ya haki ni kuwaonyesha kitufe nusu ya wageni bila kuwachagua, kisha kulinganisha mauzo ya nusu zote mbili, ukihesabu na wasiojibu. Kama mfumo wako hauwezi, badilisha wiki kwa wiki kwa miezi kadhaa, ila usilinganishe wiki ya mishahara na wiki ya katikati ya mwezi. Hesabu pia bidhaa zilizorudishwa. Mara nyingine mauzo hayapandi hata kidogo lakini marejesho yanapungua, na kwa anayelipia bodaboda au basi la mkoani kwenda na kurudi, hiyo ni pesa halisi.

Halafu kuna yale majibu yaliyoishia pabaya: waliokwama kwenye swali la tatu, na waliofika mwisho wakaambiwa "samahani, hatuna". Yahifadhi bila majina. Mwezi unapoisha, kabla ya kuagiza mzigo mpya, fungua orodha hiyo kwanza: wangapi walisema friji, wangapi pampu ya kisima, na wametoka mikoa gani.