Joto na Unyevu wa Mayai: Shauri kwa Wafugaji wa Luano

Watu wengi wa Luano, kando ya uwanja wa ndege wa Lubumbashi, hufuga kuku nyuma ya nyumba. Wengine hawangoji tena kuku aatamie. Wanatengeneza sanduku la mbao lenye taa za umeme, wanaweka mayai, na wanangoja siku 21.

Tuseme mama mmoja ameweka mayai 20. Angaliweza kuyauza sokoni na kupata fedha ya unga, lakini ameyaweka kwa tumaini la vifaranga. Siku ya 21 anafungua sanduku. Vifaranga ni 5 tu. Mayai 15 yamekuwa viza. Majirani wanasema, «Ni bahati mbaya.» Sivyo. Akiyapasua yale mayai viza ataona kwamba mengi yana kifaranga kamili, mwenye manyoya na mdomo, aliyekufa siku za mwisho. Mayai yalikuwa mazuri. Kilichoharibika ni joto, ama unyevu, ama vyote viwili. Basi inafaa tujue mambo haya mawili.

1. Kuku mwenyewe hufanya nini

Mtazameni kuku anayeatamia. Anayakalia mayai kwa tumbo lisilo na manyoya, ngozi yake ikigusa maganda. Anayageuza kwa mdomo mara nyingi, mchana na usiku. Mara moja kwa siku anatoka kidogo kula na kunywa, kisha anarudi upesi. Siku za mwisho hatoki kabisa. Sanduku lisipofanya kazi hizi, mfugaji lazima azifanye yeye.

Watu wa Misri waliijua kazi hii tangu zamani sana. Walijenga matanuru ya udongo, wakaangua maelfu ya mayai pamoja, bila kipimo cha joto. Mlinzi wa tanuru aliweka yai juu ya kope la jicho lake, akajua kama lina joto la kutosha. Lakini yeye alijifunza tangu utoto, akalala karibu na tanuru. Sisi tutumie kipimo.

2. Joto

Yai la kuku linataka digrii 37.5 katika sanduku lenye feni ya kusukuma hewa. Katika sanduku lisilo na feni, hewa ya juu ni ya moto kuliko ya chini. Kwa hiyo wekeni kipimo sawa na mgongo wa mayai, nacho kionyeshe digrii 38.5 hata 39. Msitundike kipimo karibu na taa, wala msikilaze sakafuni. Mahali hapo kitasema uongo.

Jihadharini zaidi na joto kupita kiasi. Yai likipoa kwa saa chache huchelewa, na mara nyingi hupona. Lakini likipata digrii 41 au 42 kwa saa chache, kifaranga hufa ndani. Kwa hiyo msiongeze taa kwa haraka mkiona kipimo kimeshuka kidogo. Fungeni kwanza mlango, ngojeni, tazameni tena.

Kipimo chenyewe kijaribiwe kabla ya kuweka mayai. Wengine hukijaribu kwa maji yanayochemka, wakidhani huchemka kwa digrii 100. Hapa Luano sivyo. Nchi yetu iko juu ya bahari kwa meta 1,300 hivi, na maji huchemka kwa digrii 95 au 96. Njia nzuri ni hii: chukueni kipimo cha homa, wekeni vyote viwili katika bakuli ya maji ya uvuguvugu ya digrii 38, mkivisoma pamoja. Vikitofautiana, andikeni tofauti hiyo juu ya sanduku, mwikumbuke kila siku.

Washeni sanduku siku moja nzima likiwa tupu. Joto likikaa sawasawa mchana na usiku, ndipo mwingize mayai.

3. Unyevu

Jambo la joto watu wengi wamelisikia. Jambo la unyevu wanalisahau, nalo ndilo linaloua vifaranga vingi vya siku za mwisho.

Ganda la yai lina matundu madogo mengi yasiyoonekana kwa macho. Maji ya ndani ya yai hutoka polepole kwa matundu hayo, na hewa huingia. Katika upande mnene wa yai kuna chumba cha hewa, nacho hukua kila siku. Kifaranga akikaribia kutoka, hupasua utando wa chumba hicho na kuvuta pumzi yake ya kwanza humo.

Hewa ya sanduku ikiwa kavu mno, maji hutoka kwa wingi. Kifaranga anakauka, anakuwa mdogo, utando unamshika kama gundi. Hewa ikiwa na unyevu mno, maji hayatoki ya kutosha. Chumba cha hewa kinabaki kidogo, kifaranga anavimba, anakosa mahali pa kuvuta pumzi. Wote wawili hufa, lakini kwa sababu mbili zinazopingana.

Kwa siku 18 za kwanza, unyevu uwe 50 hata 55 kwa mia. Siku tatu za mwisho uwe 65 hata 70 kwa mia. Vipimo vya unyevu vinauzwa, na mwenye kipimo kizuri akitumie. Lakini asiye nacho asikate tamaa. Mzani mdogo wa jikoni unatosha.

Yai linalokwenda vizuri hupoteza karibu 12 kwa mia ya uzito wake kwa siku 18. Pimeni mayai yote pamoja siku ya kwanza. Yule mama mwenye mayai 20 ya gramu 40 ana gramu 800. Baada ya siku 7 yanapaswa kuwa karibu na gramu 763. Baada ya siku 14, karibu na 725. Baada ya siku 18, karibu na 704. Yakiwa mazito kuliko hayo, unyevu umezidi: punguzeni maji. Yakiwa mepesi mno, hewa ni kavu: ongezeni maji. Mkitoa mayai yasiyo na mbegu, hesabuni upya kwa yale yaliyobaki.

Mjue neno hili pia: kinacholeta unyevu ni upana wa maji, si kina chake. Debe refu lenye maji mengi hulisha hewa kidogo. Sahani pana yenye maji kidogo hulisha hewa sana. Mkitaka unyevu zaidi, wekeni sahani pana zaidi, au kitambaa kilicholowa kinachoning'inia katika maji. Maji yawe ya uvuguvugu na safi.

4. Majira ya Luano

Yai halijui majira. Linataka mambo yale yale mwaka mzima. Hewa ya Luano ndiyo inayobadilika.

Mwezi wa 6 na wa 7, usiku ni baridi, na mara nyingi joto hushuka chini ya digrii 10. Hewa hiyo ya baridi ikiingia katika sanduku na kupashwa moto, inakuwa kavu sana, hata kama asubuhi mliona umande nje. Funikeni pande za sanduku kwa blanketi au magunia, na tumieni sahani pana.

Mwezi wa 9 na wa 10, mchana hupita digrii 30, na hewa ni kavu. Sahani hukauka upesi. Itazameni asubuhi na jioni. Tena, chumba chenye bati na kisicho na dari huweza kupata moto mkali adhuhuri. Wekeni sanduku katika chumba cha matofali chenye kivuli, mbali na dirisha. Katika majira haya msiweke akiba ya mayai mahali pa joto. Yai lililokaa mahali penye digrii 25 na zaidi huanza kukua kidogo, kisha mbegu yake hudhoofika. Litunzeni mahali baridi, ncha nyembamba ikitazama chini, wala lisipite siku 7.

Tangu mwezi wa 11 hata wa 3 ni mvua. Hewa ya nje ina maji mengi, na sahani ndogo huweza kutosha. Mtu anayetumia sahani ya mwezi wa 10 katika mwezi wa 1 huweza kuzamisha vifaranga vyake bila kujua. Mzani utamwonyesha.

Kwa kuwa tuko mahali pa juu, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani, na maji ya yai hutoka upesi zaidi. Kifaranga pia hupata pumzi kidogo. Basi msizibe matundu ya hewa ya sanduku ili kulinda unyevu. Acheni matundu wazi, ongezeni upana wa maji.

5. Umeme ukikatika

Umeme hukatika mara nyingi, na mfugaji ajitayarishe kabla. Ukikatika, msifungue sanduku. Lifunikeni kwa blanketi, mkiacha matundu machache. Kwa saa mbili au tatu, sanduku lililotengenezwa vizuri hutunza joto lake. Mayai yaliyopita siku 14 hutoa joto lake yenyewe, na yanataka hewa zaidi.

Ukikawia, chemsheni maji juu ya mbabula nje ya nyumba, mtie katika chupa za plastiki ngumu au madumu madogo, mzifunge kwa kitambaa, mziweke kando ya mayai bila kuyagusa. Badilisheni maji yakipoa. Msiingize kamwe mbabula yenye makala ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake usioonekana huua mayai, na huua watu waliolala.

Shauri jingine: wekeni mayai katika sanduku wakati kuku mmoja wa nyumbani anapoatamia. Umeme ukipotea usiku kucha, yale yaliyo bora yanaweza kuwekwa chini yake gizani, naye kwa kawaida hatakataa.

6. Kazi ya kila siku

Chagueni mayai ya kuku wanaokaa na jogoo. Mayai mengi ya biashara yanayoletwa Lubumbashi kutoka Zambia kwa njia ya Kasumbalesa ni ya kula tu. Kuku wanaoyataga hawakai na jogoo, nayo hayataangua hata mkiyatunza mwaka mzima. Msioshe mayai ya kuangua.

Andikeni alama mbili kwa penseli, moja kila upande. Geuzeni mayai mara 3 au 5 kwa siku, tangu siku ya 2 hata ya 18. Nawaeni mikono kwanza. Siku ya 7, gizani, tazameni kila yai mbele ya taa. Lenye mishipa ya damu kama mizizi ni zima. Lililo jeupe tupu halina mbegu, litoeni.

7. Siku tatu za mwisho

Siku ya 18 acheni kugeuza. Ongezeni upana wa maji, kisha fungeni sanduku. Hapa wengi hukosea. Wanasikia sauti ya kifaranga, wanafungua kutazama, wanafunga, wanafungua tena. Kila mara hewa yenye unyevu inatoka, utando unakauka, na yule aliyekwisha kutoboa ganda anafungwa humo. Tangu kutoboa hata kutoka, kifaranga huweza kukawia siku nzima. Msimvute. Akitoka, huweza kukaa siku moja bila chakula, kwa sababu kiini cha yai kimo tumboni mwake. Ngojeni wakauke, kisha watoeni pamoja.

8. Baada ya siku 21

Msitupe mayai viza bila kuyapasua. Vifaranga waliokauka na kugandamana na utando husema: maji yalikuwa machache, au mlango ulifunguliwa mno. Waliovimba na kulowa husema: maji yalizidi. Walioangua siku ya 19 au ya 20 husema: joto lilizidi. Waliochelewa hata siku ya 22 au ya 23 husema: joto lilipungua. Andikeni hayo katika daftari, pamoja na mwezi, upana wa sahani, na uzito wa siku ya 7, ya 14 na ya 18.

Yule mama mwenye vifaranga 5 akiandika hivyo, ataweka mayai mengine 20 akijua la kurekebisha. Asipoandika, atarudia kosa lile lile, na majirani watasema tena ni bahati mbaya.