Ekstenda au Meshi? Kutumia Elimu ya Mawimbi Kuamua Kifaa cha Wi-Fi cha Nyumbani

Mtahiniwa, maswali ya mawimbi hayaishii kwenye maana na kanuni. Mtahini anaweza kukupa hali ya kawaida ya nyumbani, kisha akakutaka uamue na utoe sababu. Wengi hupoteza alama hapo: wanaijua kanuni, lakini hawajui waitumie wapi. Tujifunze kwa mfano mmoja.

Hali yenyewe

Chukua nyumba ya vyumba sita mtaa wa Rahaleo, Mtwara mjini. Kuta ni za matofali ya saruji, paa ni la bati, korido iko katikati. Nyuma kuna ua wenye jiko, tangi la maji na chumba kimoja cha uani. Ruta iko sebuleni, mbele kabisa. Mwanafunzi wa kidato cha nne analala chumba cha uani, na huko Wi-Fi inakatika kila anapofungua karatasi za mitihani iliyopita. Jirani anamshauri mama anunue ekstenda. Fundi anasema anunue seti ya meshi, ambayo bei yake ni kubwa zaidi. Mama anamgeukia mwanawe: "Wewe ndiye msomi, niambie tununue kipi."

1. Kwa nini mawimbi yanadhoofika

Wi-Fi ni mawimbi ya redio, na mawimbi ya redio ni mawimbi ya sumakuumeme. Ruta nyingi hutumia masafa mawili: GHz 2.4 na GHz 5. Tukitumia kanuni v = fλ, ambapo v = 3 × 10⁸ m/s:

- GHz 2.4: λ = 3 × 10⁸ ÷ 2.4 × 10⁹ = m 0.125, yaani sm 12.5
- GHz 5: λ = 3 × 10⁸ ÷ 5 × 10⁹ = m 0.06, yaani sm 6

GHz 5 hubeba data kwa kasi zaidi, lakini hudhoofika zaidi inapopita ukutani. GHz 2.4 ni ya polepole, ila hufika mbali zaidi.

Mambo matatu hupunguza nguvu ya mawimbi:

(a) Umbali. Mahali pasipo vizuizi, umbali ukiongezeka mara mbili, ukali wa mawimbi hubaki robo.
(b) Kufyonzwa. Kuta na maji hufyonza mawimbi. Tangi lililojaa maji ni kizuizi kikubwa. Vivyo hivyo kuta nene za mawe na chokaa za nyumba za kale za Mikindani.
(c) Kuakisiwa. Bati, nondo na milango ya chuma huyarudisha mawimbi yalikotoka.

2. Ekstenda inavyofanya kazi

Ekstenda hupokea mawimbi ya ruta, kisha huyarusha upya. Mfananishe na mtu anayerudia tangazo la mpiga mbiu kwa watu wa mtaa wa pili. Asiposikia vizuri, hana cha kurudia.

Ekstenda yenye redio moja haiwezi kupokea na kurusha kwa wakati mmoja, hivyo hupokezana. Matokeo yake kasi hushuka hadi karibu nusu. Ikipokea megabiti 20 kwa sekunde, wewe utapata kama 10. Ikiwekwa mahali inapopokea megabiti 1, utapata kama nusu megabiti.

Kosa hili nililifanya mwenyewe nilipopanga chumba kwa mara ya kwanza. Niliichomeka ekstenda pembeni ya kitanda changu, kwa kuwa ndipo nilipokuwa na shida. Taa iliwaka, ishara ya Wi-Fi kwenye simu ikajaa, lakini faili halikufunguka. Nilidhani nimeuziwa kifaa kibovu. Kumbe ishara ile ilipima mawimbi kati ya simu na ekstenda tu. Haikusema lolote kuhusu njia kati ya ekstenda na ruta, na njia hiyo ndiyo iliyokuwa dhaifu.

3. Mfumo wa meshi unavyofanya kazi

Meshi ni vifaa viwili au zaidi, viitwavyo nodi, vinavyofanya kazi kama mtandao mmoja wenye jina moja. Nodi moja huunganishwa na njia ya intaneti; nyingine husambazwa nyumbani. Nodi huwasiliana na kuchagua njia nzuri ya kupitisha data. Ukitembea na simu, unahamishwa kutoka nodi moja hadi nyingine bila kuunganisha upya. Baadhi ya meshi huwa na redio ya ziada kwa mazungumzo ya nodi na nodi tu, au nodi huunganishwa kwa kebo. Hapo kasi haipungui kwa nusu.

Kumbuka: nodi nayo ikiwekwa mahali pasipo na mawimbi, haifanyi muujiza.

4. Hatua za uamuzi

1. Pima kasi ukiwa jirani na ruta. Ikiwa hata hapo ni ya chini, tatizo liko kwenye kifurushi au njia ya intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Siku hiyo ekstenda wala meshi isingesaidia kitu.
2. Hamisha ruta kabla ya kutoa pesa. Iweke katikati ya nyumba, juu, mbali na friji, tangi na chuma.
3. Hesabu vyumba vilivyobaki bila mawimbi. Kikiwa kimoja, ekstenda inatosha. Vikiwa vingi, nyumba ikiwa ya ghorofa, au watumiaji wakiwa wengi, meshi inafaa zaidi.
4. Uliza kama kebo inaweza kupitishwa. Kebo haidhoofishwi na ukuta.

Jibu kwa mama

Kasi jirani na ruta ni nzuri. Ruta ikihamishiwa koridoni, vyumba vyote sita vinapata mawimbi. Kilichobaki ni chumba kimoja cha uani. Basi anunue ekstenda, aichomeke kwenye chumba cha mwisho cha nyumba kubwa, karibu na dirisha linalotazama uani na mbali na tangi. Isichomekwe chumba cha uani. Pesa inayobaki ina kazi nyingine mwaka huu wa mtihani.

Zingatia: Ruta, ekstenda na meshi hutegemea umeme. Pakua karatasi zako mapema, umeme ukiwepo.

Jipime

1. Kokotoa urefu wa wimbi wa GHz 6.
2. Juma yuko m 4 kutoka kwenye ruta uwanjani. Akisogea hadi m 12, ukali wa mawimbi utakuwa sehemu gani ya ule wa awali?
3. Simu inaonyesha ishara kamili ya Wi-Fi karibu na ekstenda, lakini intaneti haifunguki. Eleza sababu moja na utatuzi wake.
4. Familia ya watu tisa inaishi nyumba ya ghorofa mbili yenye kuta za zege na nondo. Chagua kifaa na utoe sababu mbili.

Majibu kwa ufupi

1. λ = 3 × 10⁸ ÷ 6 × 10⁹ = m 0.05, yaani sm 5.
2. Umbali umeongezeka mara 3, hivyo ukali ni 1/9.
3. Ekstenda iko mbali mno na ruta. Isogezwe hadi mahali inapopokea mawimbi vizuri.
4. Meshi: zege na nondo hudhoofisha mawimbi sehemu nyingi za nyumba, na watumiaji ni wengi. Anayetaja kifaa bila sababu hajamaliza kujibu.